Uzi maalumu: kitenzi "exceed", kilikotoka, maana zake, na pale kinapokwamisha watu kwenye mikataba, dawa na hesabu

kamusihai:

Wakuu, salaam.

Kwenye mjadala wa tafsiri ya mikataba kuna swali lilibaki hewani: mkataba ukiandika kwamba gharama "shall not exceed" (yaani hazitazidi) shilingi milioni 400, je, milioni 400 kamili inaruhusiwa? Jibu ni ndiyo, inaruhusiwa. Kinachokatazwa ni milioni 400 na shilingi moja, na kuendelea. Nimeona swali hili lipewe uzi wake kwa sababu jibu limo ndani ya neno lenyewe tangu enzi za Warumi. Ukijua lilikotoka, hutababaika tena mbele ya sheria, lebo ya dawa au fomula ya kompyuta.

Kwa Kilatini ni "excedere". "Ex" ni nje, "cedere" ni kwenda, kuondoka, na vilevile kumpisha mtu. Maana ya kwanza kabisa haikuwa na uhusiano wowote na kiwango. Ilikuwa kutoka mahali. Mwaka 63 KK, Cicero, konsuli wa Roma, alipowatangazia raia kwamba Catilina, mla njama dhidi ya dola, ameukimbia mji, alivipanga vitenzi vinne mfululizo: "abiit, excessit, evasit, erupit". Ameondoka, ametoka, ameponyoka, amechomoka. Hiyo "excessit" ni mtu aliyetoka nje ya lango, basi.

Warumi walisema pia kutoka nje ya uhai, yaani kufariki. Kazi ya Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, ambayo leo inaitwa Annales, kwenye hati za kale ina kichwa "Ab excessu divi Augusti", kuanzia kufariki kwa Augusto, na kweli inaanzia mwaka 14 BK alipokufa mfalme huyo. Halafu wakasema "modum excedere", kutoka nje ya kipimo. Hapo ndipo neno lilipohama kutoka kwenye miguu likaingia kwenye kiasi. Kifaransa cha kale kikalichukua kama "exceder", na mwishoni mwa karne ya 14 likaonekana kwenye Kiingereza kwa sura ya "exceden", likiwa na maana ya kupita mpaka.

Sasa turudi kwenye mkataba. Aliyesimama kizingitini hajatoka nje. Namba iliyotajwa kuwa kikomo bado imo ndani. Ku-"exceed" kunaanza baada yake. Mtu akilishika hilo, robo tatu ya makosa ya tafsiri yanakwisha.

Chaki Nyeupe:

Mkuu kamusihai, umefungua vizuri. Niongeze upande wa tahajia, maana wanafunzi wengi wanaangukia hapo.

Kiingereza kina vitenzi vitatu tu vinavyomalizikia kwa -ceed: exceed, proceed, succeed. Hakuna cha nne. Ndugu zao wote wa ukoo wa "cedere" wanaandikwa -cede: precede, recede, concede, accede, intercede, secede. Halafu kuna kimoja cha -sede, nacho ni supersede. Hicho si wa ukoo huu kabisa. Kimetoka kwa "sedere", kukaa, yaani kukaa juu ya kingine. Wanaoandika "supercede" wanakipeleka kwenye ukoo usio wake.

Mtego wa pili uko kwenye nomino. Exceed inazaa excess, proceed inazaa process na procedure, succeed inazaa success. Ile ee ya proceed inapotea kwenye procedure, inabaki e moja. Kosa la "proceedure" lipo hadi kwenye mbao za matangazo.

Matamshi: x imeshabeba k na s, kwa hiyo ile c inayofuata inamezwa. Tamka "ik-SIID", mkazo mwishoni na sauti ndefu. Accede ni "ak-SIID". Kwa sisi tuliozoea irabu tano, tofauti yao ni ndogo mno sikioni, ila kimaana ziko mbali: accede ni kujiunga na mkataba wa kimataifa au kukubali ombi. Ukisema nchi "exceeded to the treaty" umeharibu sentensi nzima. Jozi nyingine ni access na excess. Access mkazo uko mbele daima. Excess ikiwa nomino kwa kawaida mkazo unakuwa nyuma, na ikiwa kivumishi, kama kwenye mzigo wa ziada uwanja wa ndege, wengi wanausogeza mbele. Hapo inakaribiana sana na access, basi tegemea muktadha.

Na ukoo huu una watoto ambao hutegemei kuwakuta. Ancestor, babu wa kale, ni "antecessor", aliyetangulia kwenda. Decease, kifo, ni "decessus", kuondoka. Hata abscess, jipu, ni "abscessus", nako ni kuondoka.

Mjukuu wa Mwalimu:

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza: tofauti ya exceed, excel na surpass ni ipi? Kamusi nyingi zinazipa zote "kuzidi, kushinda, kupita".

kamusihai:

Marahaba. Swali zuri, na kamusi za kurasa chache haziwezi kulimaliza.

Excel ina mzizi mwingine, "excellere", kuinuka juu. Ni ya ubora tu. Huwezi kusema mwendo wa gari una-"excel" kilomita 80. Tena kwa kawaida haichukui mtendwa: mtu ana-"excel" katika jambo fulani. Kiswahili chake kizuri ni kutia fora au kung'ara.

Surpass ni Kifaransa, "sur" juu na "passer" kupita, na iliingia karne ya 16. Inapenda kulinganisha mtu na mtu, kazi na kazi, na karibu kila mara ni sifa. Hii ndiyo kupiku. Yanga ikifunga mabao mengi kuliko msimu uliopita, ime-"surpass" idadi ya msimu uliopita. Exceed nayo ingekubalika hapo kwa sababu kuna namba, ila ingesikika kama taarifa ya mhasibu.

Exceed ya leo inataka kitu chenye mpaka: kiwango, bajeti, mamlaka, matarajio, uzito, muda. Ukisema kijana "exceeded his father" Mwingereza wa leo atasubiri umalizie. Kumzidi kwa nini? Umri? Urefu?

Zamani haikuwa hivyo. Biblia ya Kiingereza ya 1611, 1 Wafalme 10:23, inasema Sulemani "exceeded all the kings of the earth for riches and for wisdom". Tafsiri ya Union ya Kiswahili ikaweka "akawapita". Mtu kumzidi mtu. Na Shakespeare, kwenye tamthilia iliyochapwa 1600, Much Ado About Nothing, ana mhusika anayelizungumzia gauni la mkewe mtawala wa Milan kwa maneno "O, that exceeds, they say". Hakuna mtendwa, hakuna kikomo. Limezidi tu, yaani ni zuri kupita maelezo. Matumizi hayo yamekufa. Leo ukiandika "that exceeds" ukaweka nukta, msahihishaji atakuuliza: exceeds nini?

Kwa hiyo neno limebanwa kadiri karne zilivyosonga. Lilianza na miguu, likaja kwenye sifa za watu, sasa hivi limekuwa la vipimo.

Mama Zaburi:

Mwalimu kamusihai, hapo kwenye Biblia usipite haraka. Kuna "exceeding" isiyokuwa kitenzi kabisa, na watu wa tafsiri za nyimbo za dini wanakwama nayo kila siku.

Mathayo 2:10, mamajusi walipoiona nyota: "they rejoiced with exceeding great joy". Union inasema "walifurahi furaha kubwa mno". Hiyo "mno" ndiyo exceeding yenyewe. Kwa Kiingereza cha karne ya 16 na 17, exceeding ilitumika kama kielezi bila -ly, sawasawa na sana. Usitafsiri "furaha kubwa inayozidi", msomaji atauliza inazidi nini.

Lakini Mathayo 5:20 ni kitenzi kamili, haki yenu isipo-"exceed" haki ya waandishi na Mafarisayo, na Union ikasema "isipozidi". Hapo kipo kikomo, nacho ni haki ya Mafarisayo. Kwa kanuni ya kamusihai, kulingana nao hakutoshi, lazima iwe zaidi. Ndiyo ukali wa ile aya.

Waefeso 3:20 imerundika matatu kwa pamoja: "exceeding abundantly above". Wafasiri wetu hawakujaribu kutafuta neno kwa neno. Wakaandika "mambo ya ajabu mno kuliko yote tuyaombayo au tuyawazayo". Kazi safi kabisa.

Binti Wakili:

Naomba nije na sheria, kwa sababu huku ndiko kosa la neno moja linamfunga mtu.

Tangu marekebisho ya mwaka 2021 ya Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria Tanzania. Maana yake "not exceeding" zimepaswa kugeuzwa kwa wingi sana. Neno lililokubalika ni "isiyozidi" na ndugu zake: faini isiyozidi, kifungo kisichozidi, muda usiozidi. Ni chaguo sahihi. Kifungo kisichozidi miaka mitano kina maana hakimu anaweza kutoa mitano kamili, au mitatu, au mwezi mmoja. Mitano na siku moja hawezi.

Makosa ninayoyaona kwenye tafsiri za mikataba na sheria ndogo ni haya. La kwanza, "chini ya miaka mitano". Hii inaitoa mitano nje, na hakimu anapoteza siku moja ya mamlaka yake. La pili, "isiyopungua". Hili ni la hatari kuliko yote, kwa sababu sheria za Kiingereza hutumia pia "not less than", na macho yaliyochoka huzichanganya. Moja inaweka dari, nyingine inaweka sakafu. Ukizibadilishana, adhabu ya juu inageuka kuwa adhabu ya chini. Sheria nyingine zinazo zote mbili ndani ya sentensi moja: faini isiyopungua kiasi fulani na isiyozidi kiasi fulani. Zisome mara mbili, kisha umpe mwenzako azisome.

La tatu ni "mpaka". "Kifungo cha mpaka miaka mitano" inaeleweka mtaani, ila wakili mjanja anaweza kubishana kama mitano imo. "Isiyozidi" haina ubishi huo.

Exceed ina sura nyingine mahakamani: kupita mamlaka. Hapo Kiswahili ni "kuvuka mamlaka" au "kutenda nje ya mamlaka", na hii ya pili inarudi moja kwa moja kwenye "ex" ya kamusihai. Mfano bora wa karibuni uko Marekani. Sheria yao ya makosa ya kompyuta ya 1986 inamwadhibu mtu ambaye "exceeds authorized access". Sajenti wa polisi wa Georgia alilipwa pesa atafute namba ya gari kwenye hifadhidata ya polisi. Ulikuwa mtego wa FBI. Nywila ilikuwa yake kihalali, na kazini aliruhusiwa kutafuta namba za magari. Je, alizidi idhini? Serikali ikasema ndiyo, kwa sababu lengo halikuwa la kazi. Kwenye kesi ya Van Buren dhidi ya Marekani, Juni 2021, Mahakama ya Juu ilisema hapana, kwa kura 6 dhidi ya 3. Jaji Barrett aliandika kwamba anayezidi ni yule anayeingia kwenye faili, folda au hifadhidata asiyoruhusiwa kuigusa. Aliyeingia panaporuhusiwa kwa nia mbaya hajazidi kwa maana ya sheria hiyo, hata kama amevunja kanuni za mwajiri wake.

Mnaona wenyewe. Kesi nzima ilikuwa inauliza mpaka uko wapi: kwenye mlango, au kwenye nia ya anayepita mlangoni? Mahakama ikauweka mlangoni.

Na excessive nayo ina historia yake. Hati ya Haki ya Uingereza ya 1689 ilikataza dhamana na faini za kupindukia, na maneno hayo karibu kama yalivyo yakaingia kwenye Marekebisho ya Nane ya Katiba ya Marekani mwaka 1791. Excessive haina namba. Exceed inauliza "umepita ngapi?", excessive inauliza "je, ni haki?". Usizitafsiri kwa neno moja. Ya kwanza ni kuzidi, ya pili ni kupindukia au kupita kiasi.

mfamasia_tz:

Nakazia alichosema Binti Wakili, kwa upande wa lebo.

Chukua paracetamol ya miligramu 500. Maelekezo ya kawaida kwa mtu mzima ni kidonge 1 au 2 kila baada ya saa 4 hadi 6, na onyo la kutozidisha vidonge 8 ndani ya saa 24. Hiyo ni gramu 4. Vidonge 8 vimo ndani, cha 9 ndicho kimetoka nje.

Tafsiri mbovu zinazozunguka: "usimeze vidonge 8 na kuendelea". Hapo umekataza hata cha 8. "Usizidishe dozi" peke yake, bila namba, mgonjwa hajui dozi inaishia wapi. Na "vidonge 8 kwa siku" kwa watu wengi siku inaanza asubuhi. Mtu anaweza kumeza 8 kufikia saa nne usiku, kisha kulipokucha akaanza nane nyingine. Saa 24 zinahesabiwa kurudi nyuma kutoka kidonge unachotaka kumeza sasa hivi. Andika hivi: "Usimeze zaidi ya vidonge 8 ndani ya saa 24 zozote."

Halafu kikomo ni cha dawa, hakijali boksi. Dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani. Anayemeza vidonge 8 vya paracetamol pamoja na dawa ya mafua yenye paracetamol ameshazidi, japo kila lebo ameitii. Ini ndilo linaloumia, na dalili zinaweza kuchelewa kuonekana. Lebo nzuri inataja na hilo.

seva_moja:

Wazee wa programu za kompyuta tupo. Huku exceed ni alama moja ya "kubwa kuliko", yaani >, na kosa la kuweka ile ya "kubwa kuliko au sawa na", yaani >= linagharimu.

Mfano hai. Maelezo ya mfumo yanasema akaunti ifungwe pale majaribio ya nywila yaliyofeli "exceed 3". Maana yake mtu anafeli mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, bado yupo. Ya nne ndiyo inamfungia. Sasa mpanga programu akiandika `majaribio >= 3` atamfungia kwenye la tatu. Mteja atalalamika, na mteja yuko sahihi. Ukikuta maelezo yamesema "reach 3" au "3 or more", hapo ndipo >= inapokaa.

Pili, kukadiria namba. Kipimo kimesoma 100.4, skrini inaonyesha 100, kikomo ni 100. Je, kimezidi? Kompyuta itasema ndiyo na mtumiaji ataona muujiza: 100 imezidi 100. Amua mapema kama unalinganisha kabla au baada ya kukadiria, na uandike kwenye maelezo.

Ujumbe wa makosa unaoutumia neno hili ni mwingi: "quota exceeded", "time limit exceeded", "maximum call stack size exceeded". Huo wa mwisho karibu kila mara ni kipande cha programu (function) kinachojiita chenyewe bila sharti la kusimama. Kabla ya kuongeza ukubwa wa stack (kumbukumbu inayotunza miito hiyo), tafuta lile sharti.

Kuna moja ninaipenda kwa sababu ya ajabu yake. Kwenye itifaki ya ICMP (kanuni za kupeana taarifa za hitilafu mtandaoni) iliyochapishwa 1981, ujumbe wa aina ya 11 unaitwa "Time Exceeded". Kila pakiti, yaani kipande cha data, inatumwa na namba, tuseme 64, na kila ruta, kifaa kinachoielekeza njia, inapunguza moja. Ikifika sifuri, ruta inaitupa pakiti na kumrudishia mtumaji ujumbe huo. Namba inashuka, ila wanasema umezidi! Kinachozidi ni safari yenyewe, imemaliza posho yake. Programu ya traceroute inaitumia tabia hiyo kwa makusudi: inatuma pakiti yenye namba 1, kisha 2, kisha 3, na ruta inayokataa kwa kawaida inajitaja. Hivyo ndivyo unavyopata orodha ya ruta zinazojibu njiani.

Mto_Ruzizi:

Salamu kutoka Bukavu. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuna mtego wetu na lazima tuutaje.

Kifaransa kina "excéder" kutoka mzizi uleule, na inatumika kwa kiwango vilevile. Lakini mtu akisema "je suis excédé" hasemi amezidi kitu. Anasema amechoshwa, uvumilivu umemwishia. Ukimtafsiria Mwingereza "I am exceeded", hatakuelewa hata kidogo. Kiingereza hakina maana hiyo.

Na "excédent" ni ziada: ya mizigo, ya bajeti, ya biashara ya nje. Kwa bajeti Waingereza husema surplus, hawasemi excess. Excess kwenye bajeti inanusa lawama, surplus ni habari njema. Watu wa ripoti za miradi wanaohama kati ya lugha hizi mbili waliangalie sana hilo.

Hesabu Haidanganyi:

Wakuu, mmegusa namba ila hamjagusa "by" na "in". Huku ndiko ripoti nyingi za fedha zinakoharibika.

"Costs exceeded 80 million": gharama zilizidi milioni 80. Jumla ni zaidi ya milioni 80.
"Costs exceeded the budget by 80 million": gharama zilizidi bajeti kwa milioni 80. Kama bajeti ni 400, jumla ni 480.

Kwa Kiswahili tofauti yote imebebwa na "kwa". Ikidondoka kwenye uhariri, milioni 480 inageuka kuwa themanini na kitu. Kwa asilimia ni vilevile: kuzidi bajeti ya milioni 400 kwa asilimia 20 ni 480, na kuzidi asilimia 20 ya bajeti ni chochote kilicho juu ya 80.

Jozi ya pili: "in excess of 200 litres" ni zaidi ya lita 200. "An excess of 200 litres" ni lita 200 zilizobaki juu ya kinachohitajika. Herufi chache tu, na tanki zima linapotea kwenye hesabu.

Kosa la tatu ni la Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki: "exceed more than 50", "exceed above the limit", "exceed over". Exceed inachukua mtendwa moja kwa moja, na "zaidi ya" imeshamo ndani yake. "Exceed 50" inatosha. Vivyo hivyo kosa la barabarani: tunasema "overspeeding", na kila mtu hapa anaelewa, ila kwenye hati za Uingereza ni "exceeding the speed limit" au "speeding" tu.

Watu wa maji wana nomino yao, "exceedance". Mafuriko yanayoitwa ya miaka 100 hayana maana kwamba yakija leo, utasubiri karne. Maana yake kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa kiwango kile kupitwa. Kwa nyumba itakayosimama miaka 30, uwezekano wa kupitwa angalau mara moja ni 1 kutoa 0.99 iliyozidishwa yenyewe mara 30, yaani kama asilimia 26. Wanaojenga mabondeni wanaambiwa "miaka 100" wanalala usingizi. Waambiwe asilimia 26.

kamusihai:

Huo mfano wa mafuriko unafaa kubandikwa kwenye kila ofisi ya vibali vya ujenzi.

Sasa niweke upande wa Kiswahili, kwa sababu tuna maneno mengi kuliko Kiingereza na kila moja lina pake.

Kuzidi ni la msingi, ni la Kiarabu, ndugu wa ziada. Ila lina mambo mawili ya kuangalia. Lina maana ya kuendelea kuongezeka: "bei zinazidi kupanda". Kwa hiyo sentensi "gharama zikizidi, mkataba utavunjwa" ni mbovu. Zikizidi kupanda, au zikizidi kiwango? Taja kikomo palepale: "gharama zikizidi shilingi milioni 400". Na "kuzidisha" ni tendo la hesabu, lile la "mara". Mwenzetu hapo juu amelitumia hivyo, na mfamasia amelitumia kwa dozi. Kwenye waraka wa kitaalamu wenye fomula, liache kwa hesabu, na kwa exceed andika "kuzidi" au "kupita".

Kuvuka kunafaa kizingiti na mipaka: kuvuka mamlaka, kuvuka umri. Kukiuka ni kwa sheria, masharti na maadili, si kwa namba. Gari halikiuki kilomita 50. Dereva ndiye anakiuka sheria kwa kuzidi kilomita 50. Kuchupa mipaka na kufurutu ada yana lawama ndani yake, yafaa kwa tabia ya mtu, hayafai kwenye mkataba. Kupiku ni la mashindano. Kupindukia ni kwa excessive.

Na "miaka 18 na zaidi" inamhesabu wa 18, wakati "zaidi ya miaka 18" inamtoa nje. Fomu nyingi zinayachanganya haya mawili.

Mjukuu wa Mwalimu:

Nashukuru sana wakubwa. La mwisho: kwenye bima ya gari nimeona "excess". Hapo nini kimezidi?

Binti Wakili:

Hapo usitafute kilichozidi kwa mwenye gari, tafuta upande wa kampuni. Bima inalipa ile sehemu ya hasara inayozidi kiasi fulani, na jina likahamia kwenye kiasi chenyewe. Kwa hiyo excess ni kiasi cha kwanza anachobeba mwenye bima. Wamarekani wanakiita "deductible".

Hesabu yake: ajali imeleta hasara ya shilingi 1,200,000, excess ni 300,000, kampuni inalipa 900,000. Hasara ikiwa 300,000 kamili, kampuni hailipi kitu, kwa sababu haijazidi. Ikiwa 310,000, inalipa 10,000. Kwenye hati ya bima angalia kama ni kiasi maalumu au asilimia, na kama ni asilimia, ni ya hasara au ya thamani ya gari, kwa sababu asilimia 5 ya gari la milioni 20 ni milioni moja, na kioo cha mbele kikivunjika huenda ukakilipa mwenyewe chote. Soma pia kama kuna kiwango cha chini, yaani "asilimia 5 ya hasara, isiyopungua kiasi fulani". Dai likiwa dogo, hicho cha chini ndicho kitatumika.

Mto_Ruzizi:

Kwa Kifaransa inaitwa "franchise". Wa huku kwetu msije mkaitafuta kwa jina la "excédent" kwenye hati zenu za bima, hamtaiona.